Bwawa Limejaa, Kisingizio Kimekauka

Waliofurahia bwawa la Rufiji ni wengi, nami sitaki nionekane mchawi wa maendeleo. Ila ieleweke kwamba sisi mafundi wa kuchomelea lile bwawa limetutia umaskini, na hakuna aliyekuja kutupa pole.

Zamani fundi alikuwa na kinga. Mteja akija kuuliza geti lake, unamtazama kwa huruma, unainua kidevu kuelekea nguzo ya umeme, unasema, "Si unaona mwenyewe." Basi. Yaliyobaki anamalizia yeye: "Aa, hata kwetu Buhongwa wamekata tangu alfajiri." Mnalaumu pamoja, mnaagana kwa kushikana mikono. Pesa ya awali ilikwenda wapi, hilo halikuwa swali la siku hiyo. Ule mgao wa mwishoni mwa 2023 ulioingia 2024, kila mwenye kazi ya mikono Mwanza alipona nao. Kinyozi, mshona nguo, mwenye mashine ya kusaga. Hapa Nyakato kuna fundi viatu, mtu anayeshona kwa sindano na uzi, mchana kweupe, chini ya mwembe, naye alikuwa anawaambia wateja kwamba umeme umemrudisha nyuma. Na walikuwa wanamwelewa!

Halafu ikafika Februari 2024, wakawasha mtambo wa kwanza kule Rufiji. Na walianzia mwisho, mtambo namba 9 ndio uliotangulia. Kila mtambo megawati 235. Sasa wewe uliyesoma miaka yetu, ikumbuke Kidatu, ile tuliyokaririshwa darasani kama fahari ya taifa. Kidatu nzima ni 204. Yaani mtambo mmoja tu wa Rufiji unaipita Kidatu na chenji inabaki. Chukua Kidatu, weka Kihansi 180, Mtera 80, Pangani 68, ongeza Hale na Nyumba ya Mungu, changanya zote kwenye sufuria moja, hujafika theluthi ya Rufiji. Kufikia Aprili 2025 mitambo yote tisa inazunguka, jumla 2,115.

Hizo namba nilizijuaje? Wateja wangu ndio walionifundisha. Redio ilikuwa inatangaza kila mtambo ukiwashwa, na kila mtambo ukiwashwa kuna mtu anapita kwenye fremu yangu na kuniuliza kuhusu madirisha yake. Mama anayeuza barafu jirani yangu, ambaye zamani megawati angeidhania ni aina ya pikipiki, siku moja kanisimamia hapa mikono kiunoni: "Fundi, saba zimeshaingia, zimebaki mbili. Na wewe mlango wangu umebaki nini?"

Lakini kilichonivunja nguvu kabisa ni ile habari ya 2024, mvua zilipokuja kwa wingi, vituo vitano vya umeme wa maji vikazimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Umezidi! Nilikaa juu ya gogo nikashika kichwa. Nchi ambayo mwaka 2006 tulikuwa tunafuatilia kina cha Mtera kila jioni, leo inazima mitambo kwa kushiba. Wewe utamwambia nini mteja baada ya hapo? Utasema umeme hakuna, na yeye katoka kusikia kwamba umemwagika?

Hata pale Mungu aliponikumbuka, alinikumbuka kwa tarehe mbaya. Gridi ya taifa ikapata hitilafu, nchi ikaingia gizani. Ushahidi mzito, wa taifa zima, si mtaa wangu peke yake. Lini? Aprili mosi. Siku ya Wajinga, 2024, na ni Jumatatu ya Pasaka. Nampigia mteja kumwambia kwa dhati kabisa kwamba leo nchi haina umeme, anacheka, ananiambia, "Hunipati fundi," anakata simu.

Tatizo la watu ni moja. Megawati wanazijua, transfoma hawaijui. Wanadhani umeme ukishafuliwa Rufiji umeshafika. Umeme wa Mwanza ni abiria wa basi la mkoani. Unatoka bwawani kwa waya wa kilovoti 400 hadi Chalinze, unageuza kichwa kuelekea bara, Dodoma, Singida, Shinyanga, ndipo unatushukia sisi wa mwisho wa safari, umechoka, na huko njiani kila mji umeshachota wa kwake. Nguzo ikianguka katikati ya pori, bwawa linaendelea kujaa, mitambo inaendelea kuzunguka, na wewe unaendelea kupepea kwa gazeti.

Mimi hili nalijua kwa sababu ya kazi yangu. Mashine ya kuchomelea inapokea volti 230 za ukutani, inazishusha hadi volti chache tu, halafu inapandisha ampea zinapita mia, ndiyo maana chuma kinayeyuka. Wale wa nyaya ndefu wanafanya kinyume changu. Wanapandisha volti juu kabisa ili ampea zishuke, kwa sababu ampea nyingi zikisafiri mbali zinaupasha waya moto, na moto huo ni umeme uliokwisha potea kabla hujaulipia. Ukifika mjini unashushwa kwenye kituo cha kupoozea, unakuja mtaani na volti elfu 33 au elfu 11, unaingia kwenye transfoma, lile sanduku la juu ya nguzo. Na hilo sanduku ndilo bwana wangu. Likiwa dogo, mtaa ukaongezeka, basi hata mkilifanya bwawa la Rufiji kuwa kumi, sisi tutabaki na umeme mdogo ule wa taa nyekundu, kama yai bovu.

Na kwenye sanduku letu tumening'inia wengi. Saluni, baa yenye friji za vioo, mashine ya kusaga, mama wa barafu na friza zake, na wapangaji wanaochemsha maharage kwa jiko la koili wakidhani mwenye nyumba hajui. Lakini taa zikipepesa tu, mtaa mzima unageuza shingo kunitazama mimi. "Fundi huyo!" Zimewahi kupepesa Jumapili nikiwa ibadani, mashine imefungwa, fremu ina kufuli, na bado nilipotoka kanisani nikakuta malalamiko.

Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa jiografia, nina geti lake. Huyu ndiye mtihani wangu. Wengine wanakuja na hasira, yeye anakuja na ramani kichwani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Geti."

Nikamweleza habari za njia, Chalinze, Singida, kwa heshima zote, na ile ya ampea nikaiweka. Akanisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Kwa hiyo geti langu limekwama Singida?"

Nikanyamaza. Akaendelea. "Acha Rufiji. Mto wenyewe unaingia Bahari ya Hindi, hautuhusu. Ziwa hili hapa, kubwa kuliko yote Afrika, unaliona kutoka mlangoni kwako. Kwa nini tusubiri umeme wa Rufiji?"

Hapo mwalimu alikuwa ananipima, najua, jibu analo. Lakini nami sikukubali kulala. Nikamwambia, Mwalimu, maji yaliyokaa hayafui kitu, yanayofua ni yanayoanguka, na ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja. Waganda wamejenga pale. Malkia Elizabeth alikuja mwenyewe mwaka 1954 kufungua bwawa la Owen Falls, ndilo Nalubaale la sasa, na toka siku hiyo wamezidi kupanga foleni: Kiira, Bujagali 250, Isimba 183, na Karuma 600. Maji ni yale yale! Yanaanguka hapa yanalipwa, yanashuka kidogo yanaanguka tena, yanalipwa tena. Na hata kabla ya kufika ziwani, maji ya Kagera yanakuwa yameshapiga kazi Rusumo, megawati 80 wanazogawana Tanzania, Rwanda na Burundi. Yaani yanatoka zamu ya Rusumo, yanakwenda zamu ya Jinja. Sisi wa Mwanza tunayaona yakiwa likizo.

Mwalimu akatikisa kichwa. Akaongeza na la kwake, kwamba Bukoba, ambako watu wananawa uso kwa ziwa hilo hilo, kwa miaka mingi wamewashiwa taa kwa umeme wa kununua Uganda. Tukacheka sana. Nikaona leo nimepona. Akavaa miwani, akasema, "Vizuri. Na geti?"

Wanaofaidi ziwa kwa upande wa mwanga ni dagaa. Panda Bugando usiku usio na mwezi, mtaani kwenu wamekata, tazama majini: kumewaka mji mzima kule. Ni taa za wavuvi. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Dagaa anawashiwa taa juu ya kichwa, usiku kucha, hajanunua luku hata ya buku, hana kodi ya jengo.

Maana mimi ninayo. Nikinunua luku mwanzo wa mwezi, kabla ya uniti moja, wanachukua kodi ya jengo 1,500. Jengo lipi? Mimi nina fremu ya kupanga, mlango wake wenyewe nimeuchomelea mimi. Wanakwambia ukadai kwa mwenye nyumba. Jaribu basi kumdai mwenye nyumba wangu. Atafungua daftari, atakukumbusha ya miezi sita. Halafu kuna asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya umeme vijijini, asilimia 1 ya udhibiti, ndipo namba zinaingia kwenye simu, tarakimu 20. Na 2024 mita zilipotakiwa kuboreshwa kabla ya Novemba 24, kwa sababu kalenda iliyomo ndani yake ilikuwa inafika ukingoni, ilibidi kuingiza tarakimu 20, halafu 20 nyingine, halafu ndipo 20 za umeme wenyewe. Sitini! Angalia dole gumba la fundi wa kuchomelea, linabonyeza namba mbili kwa mpigo. Nilimwita mtoto wa mama wa barafu anisaidie, akataka soda kwanza.

Na pua yangu inapumua wapi muda wote huo? Hapa hapa Nyakato, kwenye mitambo ya mafuta mazito, megawati 63. Watu wa Igogo wakikosa umeme, bhebhe, wanaweza kusema kituo kiko mbali. Mimi nikae Nyakato, nikose usingizi kwa kukosa feni?

Wateja nao hawachoki kutafuta mifano ya kunidhalilisha. Treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma, mwenye madirisha akaja kutoka safari na picha kwenye simu. "Fundi, treni nzima, mabehewa na abiria na mizigo, inakwenda kwa umeme. Geti la Mwalimu lina magurudumu mangapi?"

Mwaka 2025 nikapata matumaini kidogo. Rais akasema mikoa ya kaskazini ingeletewa umeme kutoka Ethiopia, kwa kupitia Kenya, ili kuepuka upotevu wa kuusafirisha mbali kutoka kusini. Nikasema ahsante Mungu, kisingizio cha kimataifa! Nikajipanga. Mwalimu alipofika nikamwambia kwa unyonge kwamba nadhani kuna shida Namanga, mpakani, mambo ya forodha. Akanitazama kwa muda mrefu. "Huo ni wa akina Arusha. Wewe uko Mwanza, unakula wa Rufiji. Unataka nikuchoree?" Na akachora, kwa chaki yangu, juu ya bamba langu la chuma.

Juzi Jumamosi kaja na guta. Juu ya guta kuna jenereta, kaliazima kanisani. Mtaa wote ukatoka kutazama, mama wa barafu akaleta na kiti. Mwalimu akalishusha, akalifuta vumbi kwa leso, akasema, "Umeme huo hapo, fundi. Haujapita Singida."

Nikasoma kibandiko. Kilowati mbili. Nikamwambia taratibu, Mwalimu, hili ni la spika za kwaya na taa za altare. Mashine yangu ikiligusa tu, litakohoa lizime, na mchungaji atakuja kwangu kama ulivyokuja wewe.

"Unataka lenye uwezo gani?"

"Kama saba hivi, kwenda juu."

Akatoa kalamu mfukoni, akaandika. Akauliza na mafuta ni ya nani, nikasema ya mwenye geti, akaandika na hilo. Sasa naambiwa asubuhi hii kaonekana pale kwenye mitambo ya mafuta mazito, getini, amekaa na mlinzi, anauliza kama wanakodisha. Wakimkubalia, itabidi nianze kusema chuma kimeadimika.