Tuachieni Alasiri ya Ijumaa

Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile tarakimu ya mwisho haikuwekwa bure. Hupatikana kwa hesabu inayopigwa juu ya herufi na tarakimu zilizoitangulia. Ukikosea kuandika, aghalabu hesabu inakataa. Nilikuja kulijua hili baada ya mwaka mzima wa kazi katika kampuni moja ya programu hapa Mombasa, tukiwahudumia mawakala wa forodha wanaotoa mizigo bandari ya Kilindini. Hakunifundisha bosi. Alinionyesha mwenzangu, kijana wa Kisauni, Ijumaa moja baada ya swala.

Siku hizo alasiri ya Ijumaa ilikuwa yetu. Haikuandikwa popote, ilijijenga yenyewe kwa sababu wateja wengi walikuwa msikitini na simu zilipoa. Kijana yule alikuwa amechoshwa na malalamiko ya aina moja: karani kaandika 8 mahali pa 3, hati zimekwenda na namba isiyokuwapo, mzigo umelala bandarini na gharama zinapanda kila kukicha. Akakaa Ijumaa tatu, akatengeneza kijiprogramu kinachopiga ile hesabu papo hapo karani anapoandika. Namba ikiwa na kosa, kisanduku kinageuka chekundu. Basi, ni hayo tu. Malalamiko yale yakapungua hata tukayasahau.

Kisha akaja meneja mpya na neno lake, ufanisi. Kompyuta zetu zikawekewa programu ya kupiga picha ya skrini kila dakika kumi, na kila Jumatatu orodha inabandikwa ukutani: nani kagusa kibodi kwa muda gani. Mtu akituliza mikono ili afikiri, anahesabiwa mvivu. Nilimwona kijana yule yule, fundi kuliko sisi sote, akisogezasogeza kipanya huku macho yake yako dirishani, ili mashine imwone anafanya kazi. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Mwaka haukuisha akaondoka.

Sisemi kampuni isijali ufanisi. Mshahara wangu unatoka kwa mteja aliyehudumiwa kwa wakati, si kwa ndoto zangu. Ninachokataa ni kufanywa kana kwamba uhuru wa mfanyakazi ni sadaka anayotoa bosi mambo yakiwa mazuri, na kuichukua yakibana.

Mfano unaotajwa sana ni wa Google. Mwaka 2004, kampuni ilipokuwa inaingia soko la hisa, waanzilishi wake Larry Page na Sergey Brin waliwaandikia wawekezaji barua wakieleza kwamba huwahimiza wafanyakazi kutumia asilimia 20 ya muda wao kwa jambo wanaloamini litaifaa kampuni. Matunda yalionekana. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, mhandisi wao Krishna Bharat alikuwa akihangaika kufuatilia habari gazeti moja baada ya jingine, akaunda programu ya kukusanya pamoja taarifa zinazohusu tukio moja. Hiyo ndiyo Google News. Ukitazama vizuri, ni kisa kile kile cha kijana wa Kisauni: mtu ana kero iliyo mbele ya macho yake, na ana nafasi ya kuishughulikia bila kuomba ruhusa.

Lakini barua ile ina maneno ambayo wanaoisifu huyapita haraka. Inasema asilimia hizo 20 ni nyongeza juu ya kazi za kawaida. Marissa Mayer, aliyefanya kazi Google miaka mingi kabla ya kwenda kuiongoza Yahoo, alikuja kusema waziwazi kwamba ile 20 kwa kweli ilikuwa 120: siku zote tano unafanya majukumu yako, na ubunifu unautafutia usiku na wikendi. Na Page aliporudi kuwa mtendaji mkuu mwaka 2011 akitaka kampuni ielekeze nguvu kwenye mambo machache, haukupita muda Google Labs, lile jukwaa la kuonyeshea majaribio, ikatangazwa kufungwa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bosi anatangaza uhuru mkutanini, watu wanapiga makofi, lakini ubao wa kazi unabaki vile vile, na tarehe za kukabidhi ni zile zile. Hapo hakuna alichotoa. Muda huru unaanza siku ambayo kazi fulani imefutwa ubaoni, na aliyeifuta ni yule mwenye mamlaka ya kumwambia mteja asubiri. Ndiyo maana hata mabishano ya kufanyia kazi nyumbani au ofisini hayanishiki sana, ingawa namwelewa mno anayepanga foleni ya feri Likoni kila asubuhi. Unaweza kukaa kwako Mtongwe na bado picha ya skrini yako ikapigwa kila dakika kumi.

Sasa naongoza timu ya watu watano huko Nyali. Nilichofanya ni kidogo: Ijumaa kuanzia saa nane mchana hakuna anayepangiwa zamu ya wateja, na nilipoanzisha hilo nilikataa kazi moja mpya iliyokuwa inakuja, kazi ya pesa nzuri. Mwenye kampuni hakufurahi. Tulivutana wiki mbili.

Ijumaa iliyopita dada mmoja wa timu alikuwa anatuonyesha njia aliyoigundua ya kupanga hati zilizopigwa picha kwa simu, zile zinazokuja zimepinda na zina kivuli cha kidole. Simu ya ofisi ikaita katikati ya maelezo. Akanyamaza, akaanza kuinuka. Nikamwambia aendelee, nikaenda kuipokea mimi.