Thomas Boleyn hakuwa kuwadi

Kwenye kanisa la kijiji cha Hever, Kent, Uingereza, kuna kaburi lililofunikwa bamba la shaba. Mwanamume aliyechorwa pale amevaa joho la Nishani ya Garter, heshima kubwa ya kifalme, na maandishi yanamtaja kwa cheo cha kikabaila, Earl wa Wiltshire na Ormond. Kwamba alimzaa malkia, hakuna hata neno moja. Ndiye Thomas Boleyn, ambaye masimulizi yamemgeuza kuwadi: alimpelekea mfalme Henry VIII wa Uingereza binti zake, Mary kisha Anne, aliyekuja kuwa malkia, akalipwa vyeo.

Shutuma hizo zina uzito. Mwaka 1525, wakati ambapo habari za mfalme na Mary bado ni mbichi, Boleyn alifanywa Viscount Rochford, cheo kilicho chini ya Earl. Desemba 1529, mfalme akiwa hasikii wala haoni kwa Anne, akawa Earl, na mwezi uliofuata akakabidhiwa muhuri wa siri wa mfalme. Anayesema hapo mabinti hawakuhusika anajidanganya.

Ila hesabu hiyo inaanzia katikati. Boleyn alikuwa balozi kwa Margaret wa Austria, mtawala wa Nchi za Chini (Ubelgiji na Uholanzi za leo), tangu 1512, kwa sababu Kifaransa kilimkaa mdomoni kuliko wenzake. Mwaka uliofuata akampeleka Anne Mechelen, kwenye kasri la Margaret, kisha binti akahamia Ufaransa, hadi 1521. Baba anayemwandaa mwanawe awe kimada wa mfalme wa Uingereza humweka ng'ambo miaka minane? Alimpeleka mtoto shule, basi.

Na hicho cheo cha Ormond ndicho kinachonikera zaidi, maana husimuliwa kama bei ya Anne. Mama yake Boleyn alikuwa binti wa Earl wa Ormond. Mzee huyo alifariki 1515 bila mtoto wa kiume, na Boleyn akaanza kuudai urithi dhidi ya Piers Butler wa Ireland, ndugu wa mbali aliyekwisha kujitwalia cheo. Ili kumaliza ugomvi ukaletwa mpango wa kumwoza Anne kwa James, mwana wa Piers. Ndoa hiyo ingefungwa, Anne angezeekea Ireland na leo asingejulikana. Mapenzi ya mfalme yaliharakisha kesi, sawa, lakini madai yenyewe yalikuwa ya ukoo wa mama yake, yenye umri wa miaka 14.

Tamaa alikuwa nayo. Katika barua ya 1536 anakumbuka alivyoanza ndoa: pauni 50 kwa mwaka, na mke anayejifungua kila mwaka. Mtu wa namna hiyo hachezei nafasi.

Mwaka huohuo 1536 ndipo utetezi wangu unapokwama. Jina lake limo kati ya majaji waliopewa kesi ya wanaume wanne walioshtakiwa kuzini na Anne, waliohukumiwa Mei 12. Hukumu ya Anne mwenyewe ilisomwa na mjomba wake, Duke wa Norfolk, baba hakuwepo. Tarehe 17 mwanawe George, aliyeshtakiwa pia kuzini na dada yake, akakatwa kichwa, tarehe 19 Anne. Baba akanyamaza, akapokonywa muhuri, akarudi kwake Hever.

Oktoba 1537 aliitwa Hampton Court, kwenye ubatizo wa Edward, mtoto wa mfalme na Jane Seymour, mke aliyemfuata Anne. Alibeba mshumaa, taulo shingoni. Katika msafara huohuo alikuwepo mjukuu wake Elizabeth, binti wa Anne, mwenye miaka minne, ameshika kitambaa cheupe cha ubatizo, naye mwenyewe amebebwa mikononi mwa kaka yake Jane.