Kidiri wa gramu 300 na bunduki ya mita 1,288 kwa sekunde: kosa ni la spidi au la risasi?

Majira ya kuchipua yakifika, mashamba ya lusini, yale majani ya kulisha mifugo, ya kusini mwa Oregon na kaskazini kabisa mwa California huko Marekani yanajaa watu na bunduki zao zimelazwa juu ya vimeza vya mbao, wanamsubiri kidiri wa Belding, yule anayeishi ardhini, atoke shimoni. Na kila mwaka lawama ni ile ile, kwamba mnyama mwenyewe ana gramu 300 hivi, sasa we unamlenga na kitu cha spidi namna hiyo cha nini, si ungechukua tu ka-.22, kale ka bunduki ka risasi ndogo ka kawaida, umalize kazi?

Habari ya hasara sirudii, mkulima ambaye mashine yake ya kukata majani imeshagonga vichuguu vya kidiri mara tatu kwa asubuhi moja haitaji kuelezwa. Na wale wanaopiga picha za mnyama alivyopasuka alafu wanacheka, hao siwatetei. Ila hili la spidi naona watu wanalielewa kinyume kabisa.

Hebu tuanze na hiyo .22 ambayo wanaiita ya upole. Kichwa chake, yaani kile kipande kinachoruka, ni gramu 2.6, kinatoka na kama mita 370 kwa sekunde, ukiiweka sawa ipige pale pale unapolenga kwa yadi 50 basi yadi 150 kimeshashuka zaidi ya nusu mita, yaani ukikosea umbali kidogo tu unampata tumboni au mguuni, anajivuta mpaka shimoni, anafia huko ndani taratibu na wewe hujui. Hiyo ndo upole? Alafu kikikosa kikagonga udongo mkavu hakivunjiki, kinaruka, kinaendelea na safari. Maboksi yenyewe yanaandikwa onyo kwamba risasi hizi ni hatari kwa zaidi ya maili moja, na huko mbele kuna ng'ombe, kuna nyumba, kuna mtu yuko kwenye trekta.

Sasa chukua .204 Ruger, risasi ya spidi kali iliyotoka 2004. Kichwa gramu 2 tu, spidi ya kiwandani mita 1,288 kwa sekunde, sawa na futi 4,225. Mtutu wake mara nyingi unakizungusha mzunguko mmoja kwa kila futi, kwahiyo ni mizunguko 4,225 kwa sekunde, zidisha mara 60 unapata 253,500 kwa dakika. Rudia kuisoma hiyo namba. Injini ya gari lako ikifika elfu sita inapiga kelele mtaa mzima unasikia, hiki kidude kinazunguka mara arobaini na zaidi ya hapo, na kilichokishikilia kisitawanyike ni koti jembamba la shaba. Kikigusa bonge la udongo, mara nyingi kinafumuka hapo hapo kinakuwa vumbi, hakuna cha kuruka kwenda kwa jirani. Jiwe ni jiwe, kukagua nyuma ya shabaha ni lazima vile vile, lakini kati ya hizi mbili ningekuwa na ng'ombe wangu pale najua ningemruhusu nani aingie. Na kwakuwa ukiiweka sawa kwa yadi 200 njiani haipandi hata sentimita 3, mnyama anapigwa pale ulipolenga na anakufa kabla hajasikia mlio.

Wanasema pia ni ubadhirifu wa baruti. Kwa .22-250, risasi nyingine ya spidi yenye ganda kubwa, sikatai, inakula kama gramu 2.3 kwa mlio mmoja, ratili moja ya baruti inaisha kwenye risasi 190 na ushee na mtutu unachemka mpaka unashindwa kuushika. Ila mtu anayejijazia risasi zake mwenyewe kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa hayuko huko siku hizi. Yuko gereji usiku, mbele yake mizani kadogo na trei ya maganda ya wiki iliyopita yameshasafishwa na kutiwa fataki mpya za kuwashia baruti, anamimina gramu 0.7 kwenye ganda la .17 Hornet, risasi ndogo iliyotolewa na kampuni ya Hornady 2012, anakandamiza kichwa cha gramu 1.3, na hicho kinakimbia mita 1,100 kwa sekunde. Ratili ile ile inampa zaidi ya 600. Ubadhirifu uko wapi hapo?

Ila kuna jambo moja upande wa pili wako sawa, na linauma kwasababu linatoka kwenye sifa ile ile niliyoisifia. Kufumuka. Kinachofumuka ndani ya mzoga ni madini ya risasi, vipande vidogo kama chembe za chumvi vimetapakaa kwenye nyama, na mizoga inaachwa shambani, kipanga na tai na kunguru wanashuka kula. Sisi lugha yetu imetufunga, risasi ni ile ya bunduki na risasi ni madini, kama vile haiwezekani kutenganisha. Inawezekana. California ilipitisha sheria 2013 na tangu Julai 1, 2019 huruhusiwi kumpiga mnyama pori yeyote kwa risasi zenye madini hayo, kidiri wakiwemo, na kilichowasukuma zaidi ni kondo wa California, ndege mkubwa mla mizoga aliyebaki 22 tu duniani mwaka 1982. Oregon hakuna katazo kama hilo. Shamba la Tulelake, California, na shamba la Merrill, Oregon, yako bonde moja, mpaka wa jimbo unapita katikati, na kipanga hana habari nao.

Watu wanalalamika kwamba vichwa vya shaba badala ya madini hayo ni vyepesi, upepo unavisukuma, bei iko juu. Kweli yote. Lakini vipo vichwa vyenye kiini cha unga wa shaba na bati ambavyo vinafumuka vile vile, na ni spidi hiyo hiyo wanayoilaumu ndo inavifanya vifumuke. Mwenye meza gerejini anabadilisha boksi la vichwa tu, basi, ila kipimo cha baruti aanze upya kutoka chini, manake kichwa cha shaba cha uzito ule ule ni kirefu zaidi, kinaingia ndani ya ganda kuliko cha zamani, na pengine mtutu wake hautakizungusha vya kutosha.