Mabomba ya faiba yatangulie lami

Kila inapozungumzwa habari ya kufikisha faiba, yaani nyaya za kioo zinazobeba mtandao kwa nuru, vijijini, mjadala huelekea kwenye bei ya vifurushi na kasi ya mtandao, ilhali sehemu kubwa ya gharama imefukiwa ardhini. Nyuzi zenyewe za kioo, nyembamba mithili ya unywele, si ghali kiasi cha kutisha. Kinachokula fedha ni kuchimba mtaro, kupasua mwamba, kulipia njia na kufukia. Sisi wa pwani ya Tanga hatuhitaji kuelezwa hilo na mhandisi, kwa kuwa mahali pengi ukichimba kidogo tu unakutana na mawe ya matumbawe.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani njia kuu ya faiba ya serikali, ulianza kujengwa mwaka 2009, mwaka uleule ambao SEACOM, mkongo wa baharini, ulifika Dar es Salaam. Hiyo ni kazi kubwa na anayeibeza hasemi kweli. Hata hivyo, kutoka makao makuu ya wilaya kwenda kijijini mzigo huachiwa minara ya simu, na mingi kati ya hiyo hupokezana mawasiliano kwa mawimbi ya redio ambayo uwezo wake una kikomo. Ndiyo maana jioni, watu wakisharudi kutoka shambani na baharini na kila mmoja akawasha simu, video inagoma hata kwa aliyenunua bando kubwa.

Barabara ya kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo imekuwa ikijengwa kwa awamu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo fursa ambayo kijiji hupata mara moja katika kizazi. Mtambo ukiwa tayari uko eneo la kazi, udongo umeshafunuliwa na fidia imeshalipwa, kulaza bomba la plastiki pembezoni mwa barabara pamoja na vishimo vya kukagulia ni nyongeza ndogo katika mkataba, hata kama faiba yenyewe itapitishwa miaka kadhaa baadaye kwa kusukumwa na hewa ya kompresa. Umbali nao si kikwazo: nuru ndani ya kioo husafiri makumi ya kilomita kabla ya kuhitaji kuongezewa nguvu, na Pangani iko takriban kilomita 50 tu kutoka Tanga mjini. Matokeo ya kutolaza bomba mapema tunayajua, maana mijini tumezoea kuona lami mpya ikikatwa kabla rangi ya mistari haijafifia.

Wapo wanaouliza mkulima wa mwani anayenunua bando la shilingi mia tano ana haja gani na faiba. Swali hilo linadhani kwamba faiba lazima iingie kila nyumba. Inatosha ifike kwenye mnara, shule ya sekondari, zahanati na ofisi ya kijiji, kisha wengine wapate kupitia hapo. Kijana anayemaliza kidato cha sita huomba mkopo wa elimu ya juu mtandaoni, na zabuni za serikali tangu mwaka 2023 zinapitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, kwa hiyo kikundi cha mafundi kisicho na mtandao wa uhakika kimeshaondolewa kwenye kinyang'anyiro kabla bei yake haijasomwa.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni umiliki. Bomba liwe mali ya umma, na kampuni yoyote ipangishwe nafasi ndani yake kwa bei moja iliyotangazwa, la sivyo atakayetangulia atawafungia njia wenzake na mwanakijiji atabaki na muuzaji mmoja. Sehemu ya kodi hiyo ya pango itengwe kwa matengenezo, kwa sababu trekta likikata faiba huko Mkwaja haitakuwa haki kusubiri fundi atoke Dar es Salaam.

Kwa daraja jipya la Mto Pangani haja ni kubwa zaidi. Mabomba hayo yafungwe chini ya sakafu yake kabla mkandarasi hajakabidhi kazi, kwa kuwa kuyaongeza baadaye juu ya maji yaendayo kasi, kwa kibali kipya na jukwaa jipya la mafundi, ni gharama ambayo hakuna kampuni itakayoibeba kwa ajili ya wateja wa vijiji vya ng'ambo kama Bweni na Kipumbwi peke yao.