Eti Tulimiliki Mpira

Kinachonikera kuhusu mashabiki wenzangu wa Manchester United hapa Kondele si kufungwa, maana kufungwa tumekuzoea, bali ni ule utetezi wao kwamba "tulimiliki mpira". Juzi kinyozi wangu, akiwa amenyoa upande mmoja tu wa kichwa changu, alizima mashine ili anieleze upya fainali ya Ligi ya Uropa ya 2025 kule Bilbao, na kwa povu la sabuni akachora kwenye kioo pasi tulizopiga, huku mimi nikijitazama nyuma ya mistari hiyo, nusu kipara. Alichosahau kuchora ni bao.

Tottenham walishinda 1-0 kwa sababu dakika ya 42 Pape Matar Sarr alipiga krosi, mabeki wetu wakashindwa kuiondoa, na Brennan Johnson akausukuma mpira wavuni kwa namna isiyopendeza hata kidogo. Baada ya hapo walirudi nyuma wakatuachia mpira tuuzungushe pembeni, na mpira wa kichwa wa mshambuliaji wetu Højlund ulipoelekea golini, beki wao Van de Ven aliruka akauondoa mstarini. Huo si umiliki. Tulipakatishwa mpira tu, kama abiria wa matatu anavyopakatishwa mzigo wa mwenzake.

Nilipomweleza hivyo, kinyozi alianza kunitajia asilimia, na upande wa pili wa kichwa ukasubiri hadi alipoingia mteja mwingine, shabiki wa Arsenal (ndiyo, siku ilikuwa mbaya kiasi hicho), akamwomba amalize kazi.