Mama mkimbizi mjini: ushauri nasaha kwanza, au kodi ya nyumba?

Wanaohudumia akina mama wakimbizi katika mitaa duni ya miji huvutana juu ya kianze nini. Wengine husema mama asaidiwe kwanza kutuliza moyo, ndipo atapata nguvu ya kuyakabili mengine. Wengine hujibu kwamba mama anayengoja kufungiwa mlango mwisho wa mwezi hatulizwi kwa maneno.

Upande wa ushauri nasaha una ushahidi. Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao PM+ (Problem Management Plus, yaani kukabili matatizo na msongo wa moyo) wenye vikao 5, kimoja kwa wiki, kila kimoja dakika 90. Anayeuendesha si lazima awe daktari. Inatosha awe amefunzwa na anasimamiwa na mtaalamu. Mama hujifunza kupumua taratibu, kupanga namna ya kutatua matatizo, kurejea shughuli alizoziacha na kutafuta watu wa kumshika mkono. Mpango mwingine wa shirika hilo hutumia sauti zilizorekodiwa na kitabu cha michoro, kwa kundi la hadi watu 30. Ulijaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini nchini Uganda, na matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa miezi 3 baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya waliopata huduma za kawaida zilizoboreshwa kidogo.

Lakini hao waliishi katika makazi ya wakimbizi. Mjini kuna kodi kila mwezi, na pasipo kibali cha kazi mama huishi kwa vibarua visivyo na uhakika. Katika kikao cha pili cha PM+, matatizo hugawanywa mafungu matatu: yanayotatulika, yasiyotatulika na yasiyo na uzito. Kodi na vibali huishia katika fungu la pili, na hapo ndipo mpango unapopwaya, kwa sababu mara nyingi hayo ndiyo yanayomnyima mama usingizi. Mengi yangesogea kama mtu wa msaada wa kisheria angekuwapo siku hiyohiyo, jengo hilohilo. Akielekezwa ofisi nyingine wiki ijayo, mama mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu) mara nyingi hafiki.

Hata vipimo vinahitaji uangalifu. Hojaji ya PHQ-9, inayotumika kupima sonona, ina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla ya juu alama 27, na kuanzia 10 mtu huhesabiwa kuwa huenda ana sonona. Maswali matatu yanahusu usingizi, uchovu na hamu ya kula. Mama anayenyonyesha katika chumba kimoja chenye kelele, tena akilala njaa, anaweza kufikisha alama 9 kwa hayo matatu tu. Kwa hiyo msomaji wa majibu asiishie kwenye jumla. Swali la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mhudumu asiye na pa kumpeleka mama siku hiyo asiliulize.

Hata hivyo, siungi mkono wanaosema fedha pekee zinatosha. Fedha za kodi haziondoi jinamizi la vita au la kubakwa, na sonona ikizidi mama hushindwa hata kupanga foleni ya kuzichukua. Ushauri usingojee kodi ilipwe.

Kinachoua huduma nyingi ni mambo yanayoonekana madogo. Kikao cha asubuhi humkosesha mama kibarua cha siku. Pasipo mtu wa kuangalia watoto, mama huja nao na hawezi kusema yaliyo moyoni. Mtoto asifanywe mkalimani kamwe, na mkalimani anayeishi mtaa mmoja na mama asitumiwe kabla ya kumuuliza mama. Ujumbe wa simu usitaje aina ya huduma, kwani simu yenyewe huenda ni ya watu watatu.

Kisha kuna dawa, ambazo huunganisha hoja za pande zote mbili. Dawa za sonona huhitaji wiki 4 hadi 6 kuonyesha nafuu, na huendelea kutumiwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Kuziacha ghafla huleta kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi. Mama akifukuzwa katika chumba wiki ya tatu, tiba hukatika. Ndiyo maana siku ya kuanza dawa aulizwe kodi yake imelipwa hadi lini, na apewe karatasi yenye jina la dawa, kipimo na tarehe aliyoanza, aweze kuionyesha kliniki ya mtaa atakaohamia.