Mforosadi ni mti wa nyumbani, tuupande

Sokoni utapata parachichi, embe, hata tofaa lililotoka Afrika Kusini. Forosadi ni nadra kulikuta, ingawa watu wanalipenda. Likishaiva huwa laini mno. Ukilichuma leo, kesho limeshaanza kutoa maji na kuchacha. Tunda la namna hiyo halihimili safari ya lori. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mwenye kiuwanja, hata kidogo, apande mforosadi wake. Asipoupanda, watoto wake watakua bila kuijua ladha ile.

Kuotesha ni rahisi, wala huhitaji kununua mche. Omba kwa jirani ufito uliokomaa, unene wa penseli, ukate kipande chenye macho matatu au manne, ukichomeke ardhini mvua za masika zinapoanza, macho yakielekea juu. Samadi kidogo, maji wakati wa kiangazi, basi.

Kinachoniuma ni jinsi watu wanavyouonea mti huu huruma. Wanauacha urefuke kupita paa, kisha wanalalamika kwamba matunda yote yanaliwa na ndege. Forosadi huzaa kwenye machipukizi mapya. Ukishamaliza kuchuma, kata matawi yabaki usawa wa kifua, pukutisha na majani yaliyosalia. Mti utachipua, na machipukizi hayo yatakuja na maua yake, kisha matunda. Huku kwetu kusiko na baridi ya kuulaza mti, anayepogoa kwa mpango anaweza kuvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka, tena bila ngazi. Ndege kama shore watakula, lakini nawe utakula.

Majani uliyokata usiyachome. Yana protini nyingi, na mbuzi na sungura huyapenda sana. Ndiyo hayo hayo wanayolishwa viwavi wa hariri. Pale Thika, Kenya, kipo kituo cha utafiti wa hariri, na mforosadi hupandwa kwa ajili ya majani tu. Mfugaji wa mbuzi wa maziwa asiye na mti huu anajinyima malisho ya bure.

Usiupande karibu na chemba ya maji taka, maana mizizi yake ina nguvu, wala karibu na kamba ya nguo. Doa lake haling'oki kirahisi.

Na wewe mwenye mti tayari, ukipogoa kabla ya masika, zifunge zile fito uziweke getini. Majirani watazichukua.